Mtu wa Ndege Hii Yuko Wapi?



Mmekwisha kujifunza amri ya tano ya Mungu, inayokataza kuua. Wengi wenu mkiisikia amri hiyo, mnawaza mkono ulioshika panga, na watu wawili wanaosimama uso kwa uso. Kisha mnajichungua moyoni na kusema: «Mimi sijamwaga damu ya mtu. Amri hii naishika.» Leo nataka tuulizane neno moja. Mtu aliye mbali sana na yule anayeuawa, asiyemgusa, asiyesikia kilio chake, je, huyo naye ana hatia ya kuua? Au umbali unamwosha mikono?

Swali hili sikulitafuta katika vitabu. Nililetewa na watoto wa darasa langu, nalo lilitoka katika sanduku la mchezo.

MASANDUKU MAWILI

Marafiki wa misioni yetu walioko Ulaya hututumia mara kwa mara nguo, madaftari na kalamu. Safari moja, chini ya nguo za watoto, tulikuta masanduku mawili ya karatasi ngumu yenye picha za ndege. Ndani yake hamkuwa na ndege nzima, bali vipande vidogo vya plastiki, vimeshikamana na vijiti kama matunda mabichi yashikavyo tawi, pamoja na karatasi inayoonyesha namna ya kuviunganisha. Huko Ulaya, Marekani na Ujapani, watu wengi, wakubwa kwa wadogo, huipenda kazi hii. Hukata kila kipande kwa wembe, hukisugua, hukibandika kwa gundi, hukipaka rangi. Mwisho hulowesha alama ndogo ndogo katika maji na kuzibandika juu ya mabawa. Ni kazi ya saburi, nayo hufundisha mkono kutulia na jicho kuangalia vema. Kwa hiyo niliwaruhusu watoto waifanye baada ya masomo, nami nikakaa pamoja nao.

Sanduku la kwanza lilikuwa na mfano wa Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza ya wakati wa vita kuu ya pili. Kati ya vipande vyake alikuwamo rubani, mtu wa plastiki mwenye urefu usiofika sentimita mbili, ameketi. Watoto walimpenda kuliko ndege yenyewe. Walibishana sana juu ya rangi ya uso wake, na mwisho wakampaka nyeusi, akawa mtu wa kwetu. Wakamweka mahali pake, wakafunika kioo.

Sanduku la pili lilikuwa na picha ya ndege nyembamba ya rangi ya kijivu, yenye mabawa marefu, propela iliyo nyuma badala ya mbele, mkia ulioinamia chini, na kichwa kilichovimba kama kibuyu. Jina lake ni Predator, maana yake mnyama anayeishi kwa kuwinda. Watoto waliunganisha vipande vyake kwa siku mbili. Kwa kuwa mfano huu ni mzito upande wa nyuma, yafaa kutia uzito puani, usije ukakalia mkia. Tukatia kijiwe cha uwanjani. Chini ya mabawa tukabandika makombora mawili.

Ilipokuwa karibu kwisha, mtoto mmoja alianza kutafuta katika vijiti vyote, akainama hata chini ya meza. Akaniambia: «Mwalimu, mtu wa ndege hii amepotea.» Nikacheka. Nikamjibu: «Hajapotea. Ndege hii haina mtu.»

Ndipo sauti ilipotoka nyuma ya darasa. Ilikuwa sauti ya mvulana aliyekimbia vita huko Kivu pamoja na mama yake, naye si mwenye maneno mengi. Akasema: «Yupo, Mwalimu. Sisi hatukumwona, lakini yeye alituona.»

Darasa likanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwani nilitambua ya kuwa mtoto amejibu kweli, na mwalimu wake amejibu uongo. Siku mbili nzima nilikuwa nikifurahia gundi na rangi, wala sikuona ya kuwa mtoto huyo hakuigusa ile ndege hata mara moja.

KITU HIKI NI NINI?

Yafaa kwanza tujue tunasema juu ya nini. Ndege isiyo na rubani, ambayo wengi huiita droni, ni ndege inayoongozwa na watu waliobaki chini. Ile Predator iliruka mara ya kwanza katika mwaka 1994, huko Marekani. Kutoka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili ina kadiri ya mita 15. Hapo mwanzo ilikuwa ya kuchungua tu: chini ya kichwa chake kuna mviringo wenye kamera, na ndani ya kile kichwa kilichovimba, mahali ambapo mngefikiri anakaa rubani, mna chombo cha kupokea maneno ya satelaiti kutoka angani. Lakini katika mwaka 2001 ilipewa makombora. Ilikuwa jicho, jicho likapewa mkono.

Mtu wake yuko wapi basi? Mara nyingi alikuwa katika jangwa la Nevada, nchini Marekani, ndani ya chumba, ameketi mbele ya vioo vya picha pamoja na msaidizi wake anayeongoza kamera. Ndege yenyewe ilikuwa juu ya Afuganistani, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka kwake. Kazi yake ilipokwisha, alitoka chumbani, akapanda gari, akaenda kula chakula pamoja na mke na watoto wake. Jeshi la Anga la Marekani liliiacha Predator katika mwaka 2018, likaendelea na dada yake aliye mkubwa kuliko yeye, aitwaye Reaper, yaani Mvunaji. Siku hizi mataifa mengi yana ndege za namna hii, na nyingine hutengenezwa kwa bei ndogo sana.

Nchi yetu pia imezijua. Mwezi wa Desemba 2013, askari wa Umoja wa Mataifa walirusha huko Goma ndege zisizo na rubani wala silaha, za kuchungua tu, ili ziwasaidie kulinda raia. Katika miaka iliyofuata, ndege za namna hii zenye silaha zilitumika pia katika vita vya mashariki. Ndiyo sababu mtoto wetu alijua asilolijua mwalimu wake.

Tusiseme, hata hivyo, ya kuwa kitu chenyewe ni kibaya. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zimepeleka damu hospitalini kwa kina mama wanaojifungua na kwa wagonjwa wengine. Ndege zile hazina rubani ndani yake, na hizi hazina rubani ndani yake. Lakini moja hupeleka damu ili mtu aishi, na nyingine humwaga damu. Tofauti yake haimo katika mabawa. Imo katika yule mtu tusiyemwona.

JE, KUCHEZEA MFANO WAKE NI DHAMBI?

Habari ilienea kijijini, na wazazi wengine waliniambia: «Mwalimu, choma kitu hicho.» Nawaheshimu wazazi hao, kwani walisema hivyo kwa sababu ya kumpenda yule mtoto. Lakini sikukichoma, nami nitawaeleza kwa nini.

Plastiki haina roho, haiwezi kutenda dhambi. Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha ya kuwa uovu hutoka ndani, katika moyo wa mtu. Tangu zamani watoto wetu huchonga mikuki ya miti na pinde za matete, wala hatusemi ya kuwa wamekuwa wauaji. Mtu mzima wa Ulaya anayekaa mezani jioni, akiunganisha mfano wa ndege ya vita kwa saburi, hatendi dhambi kwa kazi ile. Pengine yuko katika amani kuliko mwenzake aliyeko baani.

Zaidi ya hayo, mifano hii ina habari ambayo yafaa muijue. Juu ya sanduku letu paliandikwa 1/72, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara sabini na mbili. Ndege yenye mita 15 inakuwa na sentimita 20 na kidogo. Kipimo hicho ni cha zamani. Katika mwaka 1942, wakati wa vita kuu, Jeshi la Majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule watengeneze mifano ya ndege 500,000, kwa kipimo hicho hicho cha 1/72. Kwa nini? Ili askari wafundishwe kutambua ndege zinazokuja angani. Mfano huo uliwekwa mbele ya askari kwa umbali wa mita 10 na zaidi kidogo, nao ukaonekana kama ndege ya kweli iliyo mbali kadiri ya mita 800. Hapo alijifunza: «Hii ni ya adui, ile ni ya ndugu zetu.» Aliyekosa kujifunza aliweza kuwapiga wenzake. Basi mnaona: wanafunzi wale walichonga mti ili askari ajue kuangalia kabla ya kupiga.

Hiyo ndiyo kazi njema ya mfano: kufundisha jicho. Lakini mfano waweza pia kulevya jicho. Sisi tulilewa. Tulisifu mabawa, tukasifu mkia, tukabandika makombora kama mama anavyomvika mtoto shanga, wala hatukuuliza yanaangukia wapi. Katika sanduku mlikuwa na kila kitu cha ndege, hata gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Lakini watu walio chini yake hawakuwamo. Si kosa la waliolitengeneza, kwani hawakuuza kijiji, waliuza ndege. Ila sisi tuliofungua sanduku ilitupasa kuwakumbuka, nasi hatukuwakumbuka mpaka mmoja wao aliposema.

MFANO WA NABII NATANI

Katika lugha yetu neno hili mfano lina maana mbili. Ni kitu kidogo kinachofanana na kikubwa. Tena ni hadithi fupi yenye fundisho, kama ile ya mpanzi au ya mwana mpotevu. Nadhani maana hizo mbili ni ndugu. Sikilizeni.

Mfalme Daudi alikuwa mtu aliyempenda Mungu. Lakini wakati mmoja, jeshi lake lilipokwenda vitani kuuzunguka mji wa Raba, yeye alibaki Yerusalemu. Jioni akitembea juu ya dari ya nyumba yake, aliona kutoka juu mwanamke akioga, akamtamani, akamtwaa, naye alikuwa mke wa Uria, askari wake mwaminifu. Kisha, ili aifunike dhambi yake, Daudi aliandika barua kwa Yoabu, mkuu wa jeshi, kwamba Uria awekwe mahali penye vita vikali, na wenzake warudi nyuma wamwache. Uria mwenyewe aliibeba barua hiyo mkononi, hakujua ya kuwa amebeba kifo chake. Wapiga mishale wa adui wakampiga kutoka ukutani, akafa.

Daudi hakushika upinde. Hakuwapo. Hakuona damu. Alipoletewa habari, alimjibu mjumbe kwa utulivu, kama mtu anayesema juu ya mvua, ya kuwa vitani upanga hula huyu na yule. Laiti angeulizwa: «Nani amemwua Uria?» angeweza kujibu: «Mshale.» Nao wapiga mishale wangesema: «Sisi tulilinda mji wetu.» Na Yoabu angesema: «Mimi nilipata barua.» Na karatasi haina kinywa. Basi mtu ameuawa, wala hakuna aliyemwua!

Ndipo Mungu alipomtuma Natani. Nabii hakuanza kumgombeza mfalme. Alimpa mfano: tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelala kifuani pake, tajiri akapata mgeni, akamnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Daudi aliyeona Uria mdogo kutoka juu, sasa aliona mwana-kondoo mdogo kutoka karibu, akawaka hasira. Natani akamwambia ya kuwa mtu yule ni yeye. Tena hakumwambia ya kuwa amemwacha Uria afe. Alimwambia ya kuwa amemwua, kwa upanga wa watu wengine.

Wakatekumeni wapenzi, shikeni neno hili. Mbele ya Mungu njia ndefu haikati hatia. Barua, mjumbe, upinde, satelaiti, vyote hivyo ni mkono uliorefushwa tu. Na mwenye mkono ni yule yule.

KUONA SI KUKARIBIA

Wengine watasema: «Lakini ndege hizi huona vizuri sana. Kwa sababu hiyo hawakosei.» Ni kweli ya kuwa huona vizuri, na ya kuwa rubani aliye salama hana haja ya kupiga kwa hofu. Hatukatai. Lakini sikilizeni jambo lililotokea Kabul, mji mkuu wa Afuganistani, tarehe 29 Agosti 2021.

Siku chache kabla yake wauaji walikuwa wamelipua watu wengi karibu na uwanja wa ndege, na askari wa Marekani waliogopa mlipuko mwingine. Basi wakaona gari moja jeupe, wakalifuata kutoka angani kwa muda wa saa nyingi. Wakamwona mwenye gari akipakia vyombo, wakadhani ni vyombo vya kulipua. Alipoingia katika uwanja wa nyumba yake, wakarusha kombora. Wakafa watu 10, na 7 kati yao walikuwa watoto. Wakuu wa jeshi walisema kwanza ya kuwa shambulio lilikuwa la haki. Tarehe 17 Septemba wakakiri ya kuwa wamekosea. Mtu yule alikuwa mfanyakazi wa shirika la kusaidia maskini, na vyombo alivyopakia vilikuwa madumu ya maji. Mwezi wa Desemba ikatangazwa ya kuwa hakuna askari atakayeadhibiwa.

Madumu ya maji! Hakuna nyumba kijijini kwetu isiyokuwa nayo. Hakuna hata mmoja wenu asiyeyabeba. Waliona mtu, waliona gari, waliona madumu, hawakuona maji. Saa nyingi walimwangalia, wala hawakumjua jina.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa mfano wa Msamaria mwema. Angalieni vema: kuhani alimwona yule aliyejeruhiwa. Mlawi pia alimwona. Wote watatu waliona sawasawa. Tofauti ni ya kuwa Msamaria peke yake alikaribia. Alipokaribia ndipo huruma ilipofanya kazi, akafunga vidonda. Basi jicho peke yake halitoshi kumfanya mtu awe jirani. Yafaa moyo uende mahali jicho lilipokwisha kufika. Na hatari ya silaha hii ni kwamba hupeleka jicho mbali sana, na kuuacha moyo nyumbani.

Hata hivyo dhamiri haikubali kuachwa. Wengine kati ya wale waliofanya kazi hiyo wamesema wazi, baada ya miaka, ya kuwa waliondoka na vidonda vya roho, hawalali, wanaona tena watu waliowaona katika vioo. Hakuna mshale uliowagusa. Tuwaombee. Kidonda chao ni ushuhuda ya kuwa Mungu ameandika sheria yake ndani kabisa, mahali ambapo umbali haufiki.

MAJIBU KWA WANAOBISHA

Wa kwanza anasema: «Mwalimu, je, askari anayelinda watu wake naye ni mwuaji?» Hapana. Kanisa hufundisha ya kuwa ni halali kuwalinda wasio na nguvu juu ya mshambuliaji, hata kwa silaha, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa madhara hayazidi yale yanayozuiwa. Lakini hufundisha pia ya kuwa vitani si kila jambo limekuwa halali. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mwaka 1965, ulihukumu kwa nguvu kazi ya vita inayoharibu miji mizima na watu wake bila kubagua. Asiyepigana asipigwe. Na asiyejua anayempiga ni nani, asipige.

Wa pili anasema: «Siku zinakuja mashine itachagua yenyewe. Hapo kweli hapatakuwa na mtu, na hapatakuwa na dhambi.» Ndugu, hapo dhambi itakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mtu atakuwa ametupa hata ile dhamiri iliyomzuia. Mwezi wa Juni 2024, huko Italia, marehemu Papa Fransisko aliwaambia wakuu wa mataifa makubwa ya kuwa mashine yoyote isiachiwe kamwe kuchagua kuua mtu. Aliyeitengeneza, aliyeinunua na aliyeiruhusu, hao ndio watakaoitwa siku ya hukumu. Mashine haitaitwa.

Wa tatu anasema: «Mambo hayo ni ya wakubwa wa dunia. Sisi tuna jembe tu.» Huyu ndiye ninayetaka kumjibu zaidi.

KATIKA VIJIJI VYETU

Hatuna ndege. Lakini tunajua kuua tukiwa mbali. Mtu anasema baani ya kuwa mama kizee fulani ni mchawi, kisha anaenda kulala. Asubuhi anasikia ya kuwa vijana wamemtupia mawe na kuchoma nyumba yake. Anasikitika, anasema: «Vijana hawa ni wakali!» Lakini neno lilitoka kinywani mwake, likaruka usiku, likaangukia nyumba ile. Mwingine, wakati wenye bunduki walipopita, alinyosha kidole tu kuelekea nyumba ya jirani waliyegombania shamba. Kidole hakikutoka damu. Mwingine huuza risasi, wala haulizi zinakokwenda, husema: «Mimi ni mfanya biashara.» Hao wote wanaweza kuungama ya kuwa hawajamgusa mtu, na wote ni kama Daudi juu ya dari.

Nami mwalimu wenu nimo. Sikuua mtu, lakini nilimwambia mtoto aliyeteswa ya kuwa aliyemtesa hayupo. Neno hilo lilikuwa jepesi kinywani mwangu, na zito masikioni pake. Nilimwomba anisamehe mbele ya wenzake.

WATU WA UDONGO

Mtanaswali: ile ndege ilipata nini mwisho? Sikutaka kuamua peke yangu. Nikamwuliza yule mvulana tufanye nini. Alifikiri, akasema: «Tufanye na watu.»

Basi tulileta udongo wa mfinyanzi, tukaufanya kuwa somo la hesabu. Mtu mwenye mita 1 na sentimita 70, akipunguzwa mara 72, anakuwa na urefu gani? Sentimita mbili na theluthi moja. Mtoto wa darasa la kwanza anakuwa kama haragi. Mtoto mchanga anakuwa kama punje ya mchele. Watoto wakafinyanga mama mwenye dumu kichwani, mzee mwenye fimbo, mbuzi, watoto wanaocheza mpira. Punje ya mchele wakamfunga mama mgongoni. Wakawapanga juu ya ubao chini ya ndege.

Hapo tuliona jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mtoto mmoja alimweka yule mama wa udongo karibu na kombora lililo chini ya bawa, na urefu wao ulikuwa karibu sawa. Ndiyo hivyo: kombora lile, ambalo Wamarekani wameliita Hellfire, yaani Moto wa Jehanamu, lina urefu wa kadiri ya mita 1 na sentimita 60. Ni kimo cha mama. Tangu hapo hakuna mtoto aliyeigusa ndege ile bila kuwaangalia kwanza watu wa ubao.

Tumeiacha darasani. Wageni wakiingia, hawaulizi tena ndege inakwenda mbio namna gani. Wanauliza: «Hawa ni nani?» Na watoto hujibu.

Ndugu Wakatekumeni, plastiki yaweza kupunguzwa mara 72, na mlima waweza kupunguzwa katika ramani. Binadamu hapunguzwi. Mungu hamwoni yeyote kutoka juu kama sisi tunavyoona siafu. Yeye aliye juu kuliko wote hakutazama tu; alishuka, akakaribia, akawa mtoto mchanga mikononi mwa Maria, mwenye kimo na uzito wake. Huyo ndiye mnayejitayarisha kumpokea katika Batizo.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KULALA

1. Neno langu la leo limekwenda wapi, na limemwangukia nani?
2. Yupo mtu ninayemwona kila siku, ambaye sijamkaribia?
3. Nimefanya jambo kwa mkono wa mwingine, ili nisionekane?
4. Nimefurahia kitu kinachomtia mwenzangu hofu, bila kumwuliza?

Ukipata jibu linalokuchoma, usilifukuze. Simama, wende kwa mtu huyo kesho asubuhi, kwa miguu yako mwenyewe. Kisha mwombe Mungu hivi: Bwana, uliyetukaribia sisi tuliokuwa mbali, utupe macho yanayoona na miguu inayokaribia, utulinde na kila mkono mrefu wenye kuua, na mkono wetu wenyewe kwanza. Amina.